Bia ya Mkate Uliosubirishwa

Kwanza walimtoa tanurini, kisha wakampa cheo. Kwa mtu mwingine yeyote hilo peke yake lingetosha kuwasha moto, lakini Shangazi alilimeza. Miezi miwili mizima alikaa kwenye meza ya kufungashia, akivisha mikate karatasi na kubandika lebo, huku akiitwa "mshauri" na watu ambao hawakumwuliza hata kama leo kuna unyevu hewani. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa akijua ni cha ukoka, kwa sababu aliyemvika alikuwa mtoto wa kaka yake, na mtoto huyo ni yeye Shangazi aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea.

Tuliweke wazi hili tangu mwanzo ili tusizungushane. Kiwanda kile kidogo cha mikate kilikuwa cha marehemu kaka yake. Kaka alikanda, dada akaoka, miaka thelathini na mmoja. Wafanyakazi wote walimwita Shangazi, hata Bi Mizani aliyepima unga, ambaye alimzidi umri kwa miaka miwili na hakupenda kukumbushwa. Kaka alipofariki, kiwanda kilimwangukia mwanawe, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na jambo la kwanza alilofanya ni kubandika kibao kwenye mlango wa ofisi: "Meneja". Baba yake hakuwahi kuhitaji kibao, kila mtu alijua nani yuko ndani. Basi wakamwita Meneja, mbele yake kwa heshima na nyuma yake kwa namna nyingine.

Jumamosi hiyo, alasiri, Meneja alikuwa ameandaa hafla ya kuonja bia.

Naam, bia, kwenye kiwanda cha mikate. Upande wa nyuma, ndani ya iliyokuwa gereji, kulikuwa na mtengeneza bia ambaye mtaa mzima ulimwita Povu, mtu mnene na mpole, mwenye mapipa manne na ndevu zinazonukia kimea. Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Alipika bia kwa mikono yake, kidogokidogo, na pipa likiharibika alikuwa hali siku mbili. Safari hii alikuwa amepika bia nyeusi kwa mkate wa rai. Rai ni nafaka ndugu ya ngano, ila ina kisirani: unga wake unanata vidoleni, unachelewa kuumuka, na mkate wake hutoka mweusi, mzito mkononi na mchachu kidogo mdomoni. Huo ndio uliokuwa mkate wa Shangazi. Ngano aliwaachia wengine waioke, rai hakumwachia mtu.

Meza ya kukandia ilikuwa imesuguliwa na kutandikwa karatasi ya kaki. Juu yake palikuwa na glasi, ndoo ndogo ya kutemea na chupa sita. Mgeni alikuwa mmoja tu lakini alitosha: mama mmoja mkavu wa maneno, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, aliyekuwa akichagua bia za kuuzwa kwenye hoteli za mji. Wote walimwita Mwonjaji. Ilisemekana akikunja pua tu, mtu hufunga biashara. Povu alikuwa amevaa koti kwa ajili yake, koti la harusi yake mwenyewe, na vifungo vilikuwa vinalia.

Shangazi hakualikwa kuonja. Aliambiwa alete mikate ya kusindikizia na asimame karibu, "kwa ajili ya sura ya familia", maneno ya Meneja hayo. Aliweka sinia mezani, akaitazama chupa ya kwanza, na hapo ndipo siku yake ilipoharibika.

Kwenye lebo palikuwa na picha ya mikono miwili imeshika mkate, na nyuma yake saa ya ukutani. Shangazi aliitambua ile mikono mara moja, kwa sababu alikuwa amekuja nayo. Lile kovu la moto kwenye dole gumba la kulia alilipata mwaka ambao kaka yake alioa. Mikono ilianzia kwenye viwiko, na juu ya viwiko hapakuwa na kitu. Walikuwa wamemkata.

"Kichwa changu kiko wapi?" alimwuliza Bi Mizani kwa sauti ya chini.

"Labda hakikuenea."

"Saa imeenea."

Bi Mizani aliitazama saa ile muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili, akaenda zake stoo.

Meneja akaanza hotuba. Alisema walifanya utafiti. Alisema waliona kwamba mkate wa rai ukichomwa kwa kipimo maalumu, kipimo ambacho ni siri ya kiwanda, unatoa ladha isiyopatikana mahali pengine. Alisema "ubunifu" mara nne, Shangazi alihesabu. Povu aliangalia viatu vyake muda wote. Kisha Meneja akamimina kwa mbwembwe, na kwa kuwa mgeni alimtazama Shangazi akiwa amesimama mikono mitupu, akauliza, "Na mama huyu haonji?", ikabidi naye apewe glasi.

Ilikuwa bia nyeusi, ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha unaona wekundu kwa mbali, na povu lake lilikuwa la kahawia, zito, lisilo na haraka ya kushuka. Shangazi hakuwa mnywaji. Alifanya alichofanya maisha yake yote kwa kila kilichopita mbele yake: alinusa kwanza. Harufu ilimjia ya ukoko, ule wa chini ya sufuria ambao watoto hupigania. Akaonja. Uchungu ulitangulia, uchungu wa gamba la mkate lililopitiliza. Halafu, taratibu, utamu ukafuata, wa ndani ya mkate, ndani ambako moto ulikuwa haujafika wakati nje umekwisha kuharibu. Mwishoni kabisa, kwenye kingo za ulimi, uchachu wa chachu yake mwenyewe, ile anayoilisha unga na maji kila asubuhi kwenye mtungi wake.

Haikuwa bia mbaya, hasira isimfanye mtu aseme uongo. Ilikuwa nzuri mno. Na kila funda lilikuwa linamwambia siku na saa mkate ule ulipotoka tanurini, kwa sababu mkate wa namna ile ulitoka mara moja tu katika miaka thelathini na mmoja, nao ndio uliomwondoa kazini.

Ilikuwa Jumanne. Mikate sitini ya rai iliingia saa tatu kamili asubuhi, na Bi Mizani akaandika kwenye daftari la tanuri kama kawaida. Mkate wa rai hukaa ndani dakika hamsini na tano. Saa tatu na nusu Meneja akamwita Shangazi ofisini. Alikuwa amemleta mpiga picha, anataka picha ya lebo mpya. Shangazi akasimama ukutani, chini ya saa, ameshika mkate wa jana. Mara taa haijakaa vizuri, mara kilemba kimepinda, mara tabasamu halitoshi. Ilipokaribia saa nne alisema, "Mwanangu, nina mkate ndani."

"Dakika mbili tu, Shangazi."

Akasema tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu ni Bi Mizani aliyebisha mlango, na Meneja akamjibu bila kufungua kwamba wako kazini.

Mtu wa nje atauliza mbona wengine hawakuutoa. Hapo ndipo asiyekijua kiwanda kile angekosea. Palikuwa na sheria moja, nyingine zote zilikuwa mapambo: mlango wa tanuri hufunguliwa na aliyeufunga. Kaka yake aliiweka mwaka wa kwanza, baada ya mwoka mmoja mwenye kiherehere kufungulia mikate ya mwenzake kabla ya wakati, na yote arobaini ikabwatika, bapa kama kandambili. Tangu hapo sheria ile ilishikwa kuliko za serikali. Kwa hiyo Jumanne ile watu wanane walisimama mbele ya tanuri wakinusa mkate ukiungua, wakatazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Shangazi alipokuja kufungua, moshi ulimtangulia. Meneja alitoka ofisini nyuma yake, na mbele ya wote wanane, na mpiga picha wa tisa, akasema, "Shangazi, uzee umekufika puani. Hata harufu husikii tena?" Akalichukua koleo la tanuri, lile refu la mbao la kutolea mikate, akalitoa mikononi mwake. Alilitoa kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma kuliko yote.

Angeweza kujibu palepale. Hakujibu. Alifikiri kijana amebabaika mbele ya mgeni, kesho atajirudi. Kesho hakujirudi. Wiki ile hakujirudi. Aliwaambia Bi Mizani na wenzake wanyamaze, mtoto asiaibishwe mbele ya watu wake, kaka angeumia kaburini. Jambo moja tu alilofanya siku ile ni kumwita Povu aje na magunia, kwa sababu hakuvumilia kuona mkate wa rai unakwenda jalalani. Povu alikwangua makaa kwa kisu, mkate mmoja mmoja, akauloweka pamoja na kimea cha shayiri, na sasa huu hapa, kwenye glasi, unaitwa ubunifu.

Ukiungua mkononi mwa Shangazi ni uzee. Ukifika mdomoni mwa Meneja ni utafiti. Alisimama pale na glasi yake akahisi masikio yanawaka moto. Na alikuwa hajamwambia mtu bado kwamba Jumatatu iliyopita Meneja alimwita na kumwuliza, kwa upole uleule, kama haoni ni wakati wa kupumzika nyumbani mwezi ukiisha. Akufukuzaye hakwambii toka. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Baada ya hapo asingekuwa hata na meza ya kufungashia, na tanuri lile, ambalo alilijua kuliko alivyojua nyumba yake, angelisikia tu kwa harufu akipita mtaani.

Mwonjaji aliweka glasi chini. Akainusa tena ikiwa karibu tupu, akavaa miwani, akaandika.

"Hii naitaka," alisema. "Mapipa mawili kila mwezi. Lakini nina sharti. Watu hunionjesha pipa la bahati, nikirudi mara ya pili nakuta maji ya kuoshea masufuria. Mmeshapika pipa la pili?"

"Lipo," alisema Meneja haraka.

Povu akakohoa. "Lipo," alisema, kama mtu anayekiri kosa.

Likaletwa. Lilikuwa jeusi vilevile na povu lake lilikuwa zuri tu. Mwonjaji alitia mdomoni, akageuka kwenye ndoo, akatema. Alipangusa midomo kwa karatasi pande zote mbili.

"Hili ni jivu," alisema.

"Ni jivu, mama," Povu alikubali. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye kola ya koti la harusi. "Mimi siwezi kukudanganya, nitakuwa najidanganya mwenyewe. Mkate wa pipa la pili umechomwa na mwoka mpya. Waliongeza moto mpaka mwisho. Nje mkaa, ndani mbichi. Nimejaribu kila njia, haukai. Ule wa kwanza sijui ulifanyiwa nini."

"Nani anajua?"

Meneja alitabasamu tabasamu lake la kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, akamshika Shangazi bega. "Tuna mshauri wetu hapa. Shangazi, hebu mweleze mgeni kile kipimo chetu."

Miezi miwili, na hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza.

Shangazi alilitazama bega lake mpaka ule mkono ukaondoka wenyewe. "Mkate huo haukuchomwa, mama," alimwambia Mwonjaji. "Mkate huo ulisubirishwa. Ulikuwa umeiva, mimi niko ofisini nimesimamishwa napigwa picha, naomba ruhusa niutoe naambiwa dakika mbili tu. Tanuri halikuongezwa moto. Mlango ulikuwa umefungwa, joto linashuka polepole, na mkate unaungua polepole. Ndiyo maana ndani ulibaki mtamu. Baadaye nikaambiwa nimeunguza kwa sababu ya uzee."

Meneja akacheka, kicheko chepesi cha kumstahi mtu mzima anayepayuka. "Shangazi anapenda hadithi," alimwambia mgeni. "Mtusamehe. Siku hizi kumbukumbu yake, mnajua tena umri."

Kuna maneno mtu humeza, na kuna mengine hayapiti kooni hata kwa maji. Kwanza pua, sasa kichwa. Kichwa chenyewe walishamkata kwenye lebo, kilichobaki ni kumwambia hakifanyi kazi. Shangazi aliichukua chupa, akaigeuza, akaiweka mbele ya Mwonjaji.

"Soma hiyo saa."

Mwonjaji aliinua miwani. "Saa nne na dakika kumi na nane."

"Hiyo mikono ni yangu. Kovu hili hapa, na hili hapa." Akaweka dole gumba lake kando ya lile la karatasi. "Siku hiyohiyo, ofisini kwake. Bi Mizani, niletee daftari la tanuri."

Bi Mizani, aliyekuwa amesharudi kutoka stoo, hakwenda popote. Alifunua aproni yake, na daftari lilikuwa hapo, limebanwa kwenye kamba ya kiunoni. Ilionekana wazi kwamba halikuwekwa hapo siku ile. Alilifungua kwenye ukurasa uliokunjwa pembe, akamkabidhi mgeni.

Mwonjaji alisoma kwa sauti, kama anavyosoma mtu asiyejua anashika nini. "Jumanne. Rai, sitini. Kuingia, saa tatu kamili. Kutoka, saa nne na dakika ishirini. Maelezo." Akasita, akasogeza miwani. "Maelezo: Shangazi yuko kwenye picha."

Povu alikaa juu ya gunia la unga, na kifungo kimoja cha koti kilikatika, kikaviringika chini ya meza, na hakuna aliyekiokota.

"Shangazi," Meneja alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ile aliyokuwa nayo akiwa mdogo akivunja kitu. "Haya ni mambo ya ndani. Tungeyazungumza nyumbani."

"Uliniadhiri nje, unataka nikusitiri ndani," alisema Shangazi. "Nimekusitiri miezi miwili. Niliwafunga watu wanane midomo kwa ajili yako, nikakaa kule nabandika lebo, nikasema huyu ni mtoto wa kaka yangu, atajirudi. Ungenyamaza tu leo, ningeondoka mwezi ukiisha na siri yangu. Lakini wewe hukutosheka. Umenikata kichwa kwenye picha, ukaibakisha saa kwa sababu ni nzuri, halafu unamwambia mgeni kwamba nasahau. Mimi sijasahau kitu, mwanangu. Nakumbuka mpaka ulivyokuwa unalilia ukoko."

Akairudisha chupa mahali pake mezani.

Mwonjaji alifunika kalamu yake. "Mimi sikuja kuamua kesi ya familia," alisema. "Nataka kujua nani atauoka mkate huu. Kama hayupo, nafunga daftari langu na nyinyi mfunge lenu."

"Mwulize mwenye kibao mlangoni," alisema Shangazi.

Siri ya mtungi iulize kata. Meneja alikuwa amekaa juu ya mtungi miezi miwili akidhani ni wake, na sasa alielewa kwamba kata iliyo mkononi mwake imetoboka. Alitoka, akaenda upande wa tanuri, akarudi amelibeba lile koleo refu. Lilimshinda kupitisha mlangoni, akaligonga kwenye fremu mara mbili kabla ya kupata namna. Akalinyoosha.

"Naomba, Shangazi."

Shangazi hakulipokea. "Ulilichukua mbele ya watu wanane."

Wakaitwa. Walikuja na unga mikononi, wakajipanga ukutani, mwoka mpya akiwa wa mwisho na uso wa mtu ambaye angefurahi sana kurudishwa kwenye ngano. Meneja alisafisha koo. Alisema kulikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu ratiba. Shangazi akavuta kigoda, akaketi, akakunja mikono. Meneja akaanza upya. Alisema mawasiliano hayakuwa mazuri kati ya idara. Kiwanda kizima kilikuwa na vyumba vitatu, na hapo Bi Mizani akamwomba aitaje hiyo idara.

"Nilikosea," alisema Meneja hatimaye, akiliambia koleo. "Mkate ule uliungua kwa sababu yangu. Aliniambia, sikumsikiliza. Halafu nikamsingizia."

"Na pua yangu?"

"Pua yako haina kosa, Shangazi."

"Na mwisho wa mwezi?"

"Utakuwa tanurini. Hata huo mwingine unaofuata."

Mmoja wa wale wanane alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Shangazi akasimama, akalichukua koleo, akalipima mkononi kama anayehakikisha hawakulifupisha. Miezi miwili hakuna aliyelipaka mafuta. Alimtupia mwoka mpya jicho, akamwonea huruma, akaachana naye.

"Kichwa changu kirudi kwenye lebo," alisema akielekea tanurini. "Na kilemba chake, kilichopinda vilevile."

Awamu ya pili ya Jumamosi ilikuwa tayari imeumuka, mikate sitini ya rai kwenye mbao zake. Shangazi aliingiza mmoja mmoja, bila haraka, mkono ukikumbuka kila mraba wa sakafu ya tanuri. Akafunga mlango. Bi Mizani aliandika: kuingia, saa tisa na nusu. Mwonjaji alivuta kiti, akasema hana pa kwenda, na Povu akammiminia glasi nyingine kutoka pipa la kwanza.

Baada ya nusu saa Shangazi alichukua mkate mzima mezani, mzito, wa asubuhi, akamkabidhi Meneja kwa mikono miwili.

"Nenda ofisini. Simama ukutani, chini ya saa, uushike hivi. Mlango uache wazi nikuone."

"Nisimame nifanye nini?"

"Tunaoka," alisema. "Si mgeni anataka uwe uleule? Kipimo cha mkate huu sikukiweka mimi, ulikiweka wewe. Mwoka anakaa mbali na tanuri, na mtu anasimama pale ameshika mkate mpaka achoke. Mimi nilisimama dakika arobaini na nane. Nina umri wa mama yako."

Alikwenda. Akasimama ukutani na shati lake la mikunjo, mkate kifuani. Dakika ishirini za kwanza alijikakamua. Halafu viwiko vikaanza kushuka, akavipandisha, vikashuka tena. Shangazi aliketi na Mwonjaji, koleo limelazwa magotini mwake, akionja bia yake kidogokidogo na kusikiliza Povu akieleza habari za kimea.

Saa kumi na dakika ishirini na tano, muda wa kuutoa, ulifika ukapita. Hakuna aliyeinuka. Saa kumi na nusu harufu ya gamba ilianza kutoka kwenye nyufa za mlango wa tanuri, nyembamba kwanza, halafu nzito. Wale wanane waliinua pua zao wote pamoja. Kwa desturi, hakuna aliyenyoosha mkono.

"Shangazi," sauti ikatoka ofisini. "Mkate unaungua."

"Nasikia harufu."

"Hata mikono yangu, Shangazi. Inaniuma."

Shangazi aliinua glasi, akaitazama ile rangi nyekundu kwa mbali ndani ya weusi, akanywa funda, akaliacha likae mdomoni mpaka uchungu ukaisha na utamu ukafika.

"Dakika mbili tu, mwanangu," alisema.